Sekunde Kumi na Tisa za Salamu

Orodha ya tatu ya makosa ilikuja Jumatatu asubuhi, na kosa la kwanza ndani yake lilikuwa shangazi yangu.

Wakaguzi wa gemu yetu hawakumtaja kwa jina. Waliandika kwamba katika ile mashine ndogo ya mkononi, mchezaji akifika kwenye mlango wa nyumba yoyote, bibi mwenye nyumba anarudia salamu zilezile bila kikomo, hata mkaguzi akadhani gemu imeganda. Walituma na video ya ushahidi. Bibi anauliza hujambo, anauliza habari za utokako, anauliza nyumbani hawajambo, halafu anaanza upya, hujambo, kama mtu aliyepotewa na kumbukumbu. Sauti hiyo ni ya Bi Mwanahija wa Rutamba, dada wa marehemu baba yangu, aliyenilea tangu nina miaka sita. Niliitazama video mara moja, nikafunga kompyuta, nikaegemea ukuta. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye kucha.

"Wamekataa?" akauliza Stefano. Stefano ndiye mchoraji wetu. Chumba cha mbele cha nyumba yangu hapa Rasbura, Lindi mjini, ndiyo ofisi, na ofisi nzima ni mimi na yeye.

"Wamekataa."

"Mashine ipi?"

"Unauliza kama hujui."

Ngoja nieleze gemu yenyewe, maana watu wakisikia gemu wanafikiria bunduki. Yetu inaitwa Mwaliko. Msichana anatumwa na wakubwa wake kuzunguka kijiji kizima kuwaalika watu harusini, nyumba kwa nyumba, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu huku kwetu kadi isiyoletwa na mtu ni karatasi tu. Ana nyumba arobaini na siku tatu. Kila nyumba lazima apige hodi, aitikiwe, asalimie, akae, ndipo aseme alichotumwa. Akivuruga utaratibu, mwenye nyumba haji. Harusi ikikosa watu, umeshindwa. Stefano alichora, mimi niliandika programu, na tuliitengeneza kwa ajili ya kompyuta tu. Watu wa mbali tusiowajua wakaipenda. Ndipo kampuni moja ya nje ikatuambia tuihamishie kwenye konsoli tatu, zile mashine za kuchezea gemu, na sisi tukasema sawa. Tulisema sawa kama mtu anayekubali kumshikia mwenzake mtoto dakika mbili, kumbe mwenzake ameshapanda basi.

Mashine za majaribio zilipofika Stefano alizipa majina. Ile kubwa nyeusi yenye nguvu ni Bwana Mkubwa. Ile nyeupe ni Wa Pili. Ya mkononi, dhaifu, yenye kioo kama kitabu cha kuandikia, ni Kitindamimba. Kila moja ina tabia zake na haitaki kusikia habari za mwenzake. Kwa Bwana Mkubwa kitufe cha kukubali kiko chini, kwa Kitindamimba kiko kulia, kwa hiyo kwa wiki mbili nzima msichana wetu aliyetaka kusema shikamoo alikuwa anasema kwaheri. Maandishi yaliyosomeka vizuri kwa Wa Pili yalikuwa sisimizi kwa Kitindamimba. Nilikuza maandishi, yakamwagika nje ya visanduku vyake. Padi, kile kidude cha vitufe anachoshika mchezaji, ikiishiwa chaji, huyu anataka gemu isimame na itoe tangazo, yule anataka isimame bila tangazo. Nikirekebisha hapa, pale panabomoka. Nimefanya hivyo mwaka mmoja na miezi miwili, na mtu akiniuliza kazi yangu ni nini siku hizi, nasema nahamisha vitu.

Lakini tatizo la salamu ni langu mwenyewe, na nililitengeneza kwa majivuno. Katika gemu yoyote, mchezaji akitoka sehemu moja kwenda nyingine, mashine inahitaji muda wa kupakia sehemu mpya: kuta, vyombo, watu, sauti. Wengine hapo huweka kioo cheusi na kiduara kinachozunguka. Mimi nikajiuliza, mbona huku kwetu hakuna anayeingia nyumbani kwa mtu bila kusubiri? Anasubiri huku anasalimia. Basi nikauficha upakiaji nyuma ya salamu. Bibi anauliza, msichana anajibu, na kwa nyuma mashine inaandaa nyumba, kama mama anayekushikilia mlangoni kwa maneno wakati watoto ndani wanakusanya nguo zilizotapakaa. Nyumba ikiwa tayari, bibi anasema, "Pita ndani, mwanangu." Kwenye kompyuta yangu kuukuu kuandaa nyumba kulichukua sekunde kumi na mbili, na salamu za shangazi zilichukua sekunde kumi na mbili. Wiki ile nilitembea nimevimba kichwa.

Bwana Mkubwa anaandaa nyumba kwa muda usiofika hata sekunde moja. Mara ya kwanza tulipoiwasha humo, msichana alisema "Shika", bibi akasema "Pita ndani", na tayari tumo ukumbini, hakuna aliyemwitikia mwenzake. Stefano alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliona aibu kweli, nikatazama mlangoni kama kuna mtu mzima aliyetuona. Hilo nikalirekebisha: nyumba iwe tayari isiwe tayari, salamu zimalizike. Aliyetumaliza ni Kitindamimba. Yeye alitaka sekunde hamsini. Tukapunguza miti. Tukapunguza kuku, tukafuta mbuzi wote wa upande wa mashariki, Stefano akachora vyungu upya huku anasonya. Tukafika thelathini na moja, pakagoma hapo. Thelathini na moja ukitoa kumi na mbili, zinabaki kumi na tisa ambazo bibi hana la kusema.

Mchana wa Jumatatu ile Dismas akapiga simu. Dismas ni mtu wa ile kampuni, kijana wa Masasi anayekaa Dar es Salaam, mpole, na habari mbaya yoyote anaianza kwa "dada yangu".

"Dada yangu Fauzia, wameshauri kitu chepesi tu. Wekeni kitufe cha kuruka."

"Kuruka nini?"

"Salamu. Mtu akichoka anabonyeza, zinarukwa. Mashine zote tatu, maana wanataka gemu iwe ileile kotekote. Halafu kwa ile ndogo muweke kioo cheusi mpaka nyumba iwe tayari."

"Dismas, kwenu Masasi wewe unaruka salamu?"

"Dada yangu, mimi usiniulize hayo. Mimi nimetumwa."

Nilimwonea huruma. Naye anazunguka milango ya watu na maneno ya wakubwa wake. Alinikumbusha kwamba zimebaki siku kumi na mbili na nafasi moja. Gemu ikikataliwa mara ya nne, mkataba unasema kazi ya konsoli imeishia hapo. Kisha akaniombea kheri, akakata.

"Mimi naona ni jambo dogo," alisema Stefano. "Bi Mwanahija aongeze salamu. Sekunde kumi na tisa! Aulize korosho, aulize mvua, aulize wagonjwa. Twende Rutamba, saa moja tumemaliza."

"Nenda wewe."

"Si shangazi yako?"

"Ndiyo maana nakwambia nenda wewe."

Stefano akainamia kalamu yake. Anajua. Rasbura nzima inajua, na Rutamba wanajua zaidi.

Ilikuwa mwezi wa pili, siku ya Alhamisi. Nilikuwa najaribu milango. Niliiacha gemu ijicheze yenyewe, msichana akipiga hodi nyumba baada ya nyumba, sauti ikitoka kwenye spika, ili niisikie ikikatika wakati mimi mwenyewe nimeipa mgongo, nimeinamia kompyuta nyingine. Stefano alikuwa amekwenda Mtwara. Simu nilikuwa nimeizima ili nisimsikie Dismas. Tangu asubuhi nyumba yangu ilikuwa hodi, karibu, hodi, karibu, na masikio yangu yalikuwa yameshakufa ganzi.

Saa nne hivi nikasikia hodi moja nzito, ya mwanamke mtu mzima. Nikajiambia sauti ya msichana imeshuka, nitaiangalia baadaye. Nikaandika kwenye daftari: *hodi nzito, chunguza*. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Bibi wa kwenye spika akaitikia, "Karibu, karibu mwanangu." Halafu nikasikia pikipiki ikiwaka huko nje, na mimi nikaendelea na kazi.

Aliyekuwa mlangoni ni Bi Siti, wifi ya shangazi, ametumwa kutoka Rutamba. Mzee Likwata, mume wa shangazi, alikuwa amefariki alfajiri ile. Huyu Mzee Likwata ndiye aliyekuwa akinibeba kwenye baiskeli kwenda shule. Simu yangu walipiga, haikupatikana, wakasema basi mtu aende. Bi Siti alipiga hodi tatu kama inavyotakiwa, akaitikiwa karibu, na sauti iliyomwitikia ni ya Bi Mwanahija, ambaye saa mbili kabla alimwacha Rutamba amekaa chini kando ya maiti. Mlango haukufunguliwa. Bi Siti akasoma Ayatul Kursi palepale barazani, akapanda pikipiki, akaondoka bila kutazama nyuma. Mzee Likwata alizikwa baada ya adhuhuri. Mimi niliwasha simu saa kumi na moja jioni.

Nilifika Rutamba kesho yake asubuhi. Bi Siti alikuwa ameshaisimulia habari ile mara tano, na kila akiisimulia mlango wangu unazidi unene. Wapo waliosema nimeifungia ndani sauti ya shangazi yangu. Shangazi alikuwa amekwishaanza eda, amekaa chumbani mkekani. Nilipiga magoti, nikasema shikamoo. Akanitazama sawasawa, kisha akageuzia uso ukutani. Wanawake wote waliokuwemo waliona. Nilikaa mpaka hitima ya siku ya tatu, nikaosha sufuria na masinia mpaka vidole vikababuka, halafu nikarudi Lindi kwa sababu tarehe ya kupeleka gemu ilikuwa imefika. Hilo nalo lilisemwa, na walikuwa na haki ya kulisema.

Tangu hapo nimetuma salamu kwa kila aendaye Rutamba, na kila arudiye ananiambia zimefika. Hakuna aliyeniletea jibu. Miezi minane. Kwa hiyo niseme ukweli: zile sekunde kumi na tisa zilikuwa kisingizio. Nilichokitaka kwa shangazi ni neno moja, marahaba, na bila hilo sikuona gemu itanifaa nini hata ikipita kwenye mashine zote za duniani.

Jumamosi Stefano alinipeleka kwa pikipiki yake. Alinishusha njia panda, akasema yeye atakunywa chai hapo senta, nikimaliza nimpigie. Begi langu lilikuwa na simu ya kurekodia, maikrofoni, na Kitindamimba. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, na njia nzima ilinuka mabibo yaliyoiva na kupasuka. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kusema, nikayapoteza kabla ya kufika uani.

Mlango ulikuwa wazi nusu, pazia limeshuka. Nilisikia mtu akikohoa ndani.

"Hodi," nikasema.

Nikangoja kidogo.

"Hodi humu ndani."

Kitu kilisogezwa sakafuni, kikatulia. Nikapiga ya tatu, na sauti ilinitoka nyembamba kama ya yule msichana wa kwenye gemu. Hakuna aliyeitikia.

Kanuni ya hapo naijua kuliko mtu yeyote, maana nimeiandika kwa mikono yangu: hodi tatu zisipoitikiwa, ondoka, ukizidisha ya nne, nyumba hiyo umeipoteza. Nikageuka. Nilifika kwenye mkorosho wa mwisho wa uwanja, najiambia haya, sasa nimejua, nikaweke kitufe cha kuruka nilale.

"Karibu."

Sauti ilikuwa ileile ya kwenye spika, lakini haikuwa na furaha ile. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, amekonda, kanga imefungwa juu ya kifua, mkononi ana ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, aliokuwa akiusuka. Nilielewa kwamba amenipimia hodi tatu zilezile za Bi Siti, hakupunguza wala hakuongeza. Alikaa barazani, akanyoosha miguu, akaendelea kusuka. Nikakaa chini, mbali kidogo.

"Shikamoo, shangazi."

Vidole vyake vikachukua jani la ukindu, vikapitisha chini, vikapitisha juu, vikavuta.

Kazi imeniharibu, nikajikuta nahesabu. Kumi na mbili zikapita. Kumi na tisa, thelathini na moja, hamsini. Baadaye nikaacha, kwa sababu hesabu zilikuwa zinanikera hata mimi. Kuku alipita na vifaranga. Mwanamke mmoja akapita njiani na ndoo, akamsalimia shangazi, na shangazi akamwitikia kwa ukamilifu, akamuuliza mgonjwa wao, akamuuliza mashine ya kusaga imetengenezwa, akamwambia asalimie nyumbani. Kisha akarudi kwenye ukili wake na mimi palepale nilipo. Nilipokaa, ukili ulikuwa umefika gotini kwake. Sasa ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kifundo cha mguu.

"Siti ananiambia sauti yangu iko kwako," alisema hatimaye, bila kuinua macho. "Inakaribisha watu."

"Ndiyo, shangazi. Ni ile niliyokurekodi."

"Ilimkaribisha Siti."

"Ndiyo."

"Mimi nikimkaribisha mtu, nafungua."

"Najua, shangazi."

"Hujui. Mimi niko hapa nimekaa na mume wangu, bado hajaoshwa, nalia. Na sauti yangu iko Lindi imefurahi, inamwambia mtu karibu mwanangu. Hilo ndilo lililoniuma. Si kuchelewa kwako. Kuchelewa, watu wanachelewa."

Nililia hapo, na sikujificha. Nikamweleza yote: gemu ilikuwa inajicheza, simu nilikuwa nimeizima kwa kumkimbia mtu mmoja mpole asiye na kosa, hodi nilizisikia zote tatu. "Nilidhani ni gemu, shangazi. Nikaandika mpaka kwenye daftari."

"Uliandika nini?"

"Niliandika, hodi nzito, chunguza."

Vidole vikasimama. Shangazi akatazama uwanja muda mrefu, mdomo ameubana.

"Siti ana sauti nzito," akasema. "Tangu usichana wake." Na akaendelea kusuka, lakini mabega yalikuwa yameshuka.

Baadaye akaniuliza, "Na leo umefuata nini?"

Ningeweza kusema nimefuata radhi, nikaishia hapo. Nilikuwa nimechoka mno kusema nusu. "Nimekuja kuomba radhi. Na nimekuja na kazi."

"Ionyeshe."

Nilitoa Kitindamimba, nikaiwasha, nikampeleka msichana kwenye mlango wa nyumba ya kwanza. Shangazi aliisogeza mbali na macho ili aone vizuri. Akajisikia anamuuliza mtoto hujambo. Akajisikia anauliza utokako na nyumbani. Akajisikia anaanza upya. Ilipofika mara ya tatu akanirudishia mashine kana kwamba ina joto.

"Huyu mwanamke ana wazimu?"

"Hana la kusema, shangazi. Nyumba haijawa tayari, na salamu zimemwishia. Nilitaka uniongezee."

"Niongeze salamu za nini? Zimekwisha si zimekwisha?"

"Zimekwisha."

"Basi si akae! Nani kakwambia watu wanasalimiana mpaka mate yanakauka? Salamu zikiisha, anamtandikia mtoto mkeka, na yeye anashika kazi yake ya mkono. Nyumba ikiwa tayari, atasema pita. Mimi nilikulea kwenye nyumba gani?"

"Wakaguzi watasema imeganda."

Shangazi aliinua ukili ule mbele ya uso wangu. Ulikuwa mrefu kuliko mkono wake. "Mimi hapa nimeganda?"

Nitasema kabisa yaliyofuata, ili nisiyarudie. Stefano aliichora mikono ya bibi kwa siku nne, kidole kwa kidole, huku akiapa kwamba hatachora tena ukindu maishani mwake. Mimi nikaufunga ukili kwenye upakiaji: kila sehemu ya nyumba inayokamilika, ukili unarefuka, na ukigusa mkeka bibi anainuka na kusema pita ndani. Kwa Bwana Mkubwa bibi hapati hata nafasi ya kukaa. Kwa Kitindamimba anasuka sekunde kumi na tisa, hasemi neno, na hakuna kitufe cha kuruka popote. Mkaguzi aliandika kwamba kosa la kwanza limekwisha. Aliongeza mambo sita madogo, moja likiwa kwamba padi ikiishiwa chaji bibi haachi kusuka. Hayo tukaambiwa tutayarekebisha baadaye, yasizuie. Dismas alituma ujumbe, na kwa mara ya kwanza "dada yangu" ilifuatwa na habari njema. Tungepaswa kusherehekea. Tulikunywa chai, Stefano akaenda kwake, mimi nikalala mchana kutwa.

Lakini siku ile Rutamba sikuyajua hayo. Shangazi alinipa wali na kisamvu, tukala sinia moja, tukasema maneno machache ya kawaida, nani kaoa, nani kauza shamba. Kaburi la Mzee Likwata nilikwenda mwenyewe, liko nyuma ya mikorosho, nikaomba dua. Niliporudi jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa Stefano, naye alikuwa ameshapiga mara mbili. Simu ya kurekodia sikuitoa begini. Nilikusanya vitu vyangu polepole, nikijua kwamba nimelishwa, nimesikilizwa, na bado sijaitikiwa.

"Nakwenda, shangazi."

Alikuwa anafunga ncha ya ukili isifumuke. Alimaliza fundo lake, akalikaza kwa meno.

"Marahaba," akasema.

Nilisimama.

"Hiyo ni ile ya matanga," akasema shangazi, akiuzungusha ukili kuwa duara. "Ya leo bado. Hiyo utakuja kuifuata."

"Lini, shangazi?"

"Siku utakayopiga hodi. Nitafungua."

Nilishuka barazani, nikapita ule mkorosho wa mwisho, nikatembea mpaka njia panda bila kugeuka, kwa sababu kama ningegeuka nisingeondoka. Stefano alikuwa amekaa juu ya pikipiki, kofia tayari kichwani. Akaniuliza nimepata sekunde ngapi. Nikamwambia anyamaze kidogo, aendeshe.